Sauti Yangu Juu ya Video ya Adalbert

Mimi Musafiri natafsiri filme za polisi kwenye sale ya video, ukumbi wa mtaa wetu hapa Mabanga, mwaka wa kumi na mbili sasa. Nakaa kando ya televizyo na mikro yangu. Wenye filme wanasema yao, mimi nasema kwa Kiswahili yetu. Nikisema, "Muangalie huyu, ana jambo," sale nzima inamshuku mpaka mwisho. Najisifu, ndiyo, na asiyependa akae kwake.

Jumapili moja jirani yangu Mama Angèle alirudi kutoka misa, akakuta kufuli limevunjwa na mashini yake ya kushona haipo. Hata hajapangusa machozi, Adalbert wa mlango wa pili akaleta telefone yake. Alikuwa na video.

Tulijaa uani. Kwenye video Anastase anakuja polepole, anashika vyuma vya dirisha la Mama Angèle, anachungulia. Huyu Anastase alikimbia vita huko Masisi na mke na watoto wanne, wakakaa kambi ya wakimbizi, na Mama Angèle mwenyewe ndiye aliyewapa chumba cha nyuma.

"Papa Musafiri, tutafsirie," mtu mmoja alisema akicheka.

Na mimi, mpumbavu, nikatoa sauti ya kazi. "Muangalie macho. Muangalie mikono. Huyu mutu ana jambo." Ule uso ulitutia woga, sitadanganya.

"Nilisikia kelele ndani," Anastase alisema. "Nilijua mama yuko misa, nikaenda kuchungulia."

Nani angemsikiliza? Shefu wa avenyu, mkubwa wa barabara yetu, aliamua wafunge mizigo, warudi kambini kabla ya saa sita. Kule mabomu yalikuwa yameanguka wiki hiyohiyo. Mke wa Anastase alianza kukunja mablanketi.

Telefone ilikuwa bado mkononi mwangu; nikairudisha video, nijifurahishe na ufundi wangu tu. Safari hii nilisikia pumzi. Mtu anahema karibu kabisa na telefone. Kwenye filme, hapo ndipo huwa nawaambia watu wangu: kamera ikihema, mumeingia ndani ya macho ya mubaya mwenyewe, musimuogope munayemuona. Kumbe nilikuwa nimeazima macho ya Adalbert bila kuuliza amesimama wapi. Nilisikia haya mpaka masikio yakawaka.

"Mama Angèle, hili rido la maua, pazia hili linaloonekana mbele ya vyuma, liko upande gani wa dirisha?"

Aliisogeza telefone karibu na macho. "Upande wa ndani. Ni langu, nimelishona mwenyewe."

"Basi aliyeshika telefone alikuwa ndani ya nyumba yako."

Adalbert alinyoosha mkono aichukue telefone yake. Hakuna aliyempa. Mashini ilitolewa chini ya kitanda chake, imefunikwa gunia.

Shefu aliniambia niwatafsirie watu upya, waelewe vizuri. Nilianza, nikaacha katikati. Anastase alikuwa bado anafunga godoro kwa kamba. Mama Angèle alimshika mkono, akamuomba abaki.

"Nitabaki, mama, kwa ajili ya watoto," alisema. Halafu akanigeukia, bila hasira. "Papa Musafiri, kila Jumamosi nakaa kwako benchi ya mbele. Sauti yako naiamini sana. Leo nilipoisikia, hata miye nilijishuku kwanza."