Kiti cha Jumamosi

Jumuiya yao ilikuwa na familia kumi na moja, Wakristo wa Mwanakwerekwe na wachache wa mjini, wengi wao wajukuu wa watu wa bara waliokuja Unguja zamani kuchuma karafuu. Walikutana kila Jumapili baada ya misa, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wakishasali, katekista Makungu hukunja miwani yake, akauliza, "Na mgonjwa wetu?"

Hapo Bi Veridiana huinuka, akaweka sawa kanga yake ya mabegani.

"Anaendelea vyema. Anawasalimu nyote."

"Tunazipokea," hujibu wote.

Mgonjwa mwenyewe ni Bi Febronia. Tangu Kwaresima alikuwa amepooza upande wa kulia, hana mtoto wala ndugu Unguja, anakaa Michenzani ghorofa ya tano, siku nyingine akitazamwa na majirani tu. Jumuiya ilitafuta mtu wa kwenda kila Jumamosi kumwogesha, kumlisha na kusali naye. Bi Veridiana alinyoosha mkono kabla ya wengine, na ilikuwa haki yake, maana Bi Febronia alikuwa mama yake wa ubatizo. Ndiye aliyemfunza Baba Yetu, na ndiye aliyemshonea gauni la komunyo ya kwanza, jeupe, lenye vifungo sita mgongoni.

Jumamosi ya kwanza alikwenda kweli. Alipanda ngazi zote akipumzika kila ghorofa, mkononi kabeba machungwa, sukari na sabuni za jumuiya. Alimkuta mgonjwa amejichafua tangu asubuhi. Alimgeuza, akamfuta, akabadilisha shuka, na muda wote huo kabana pumzi. Bi Febronia alikuwa akilia kwa haya, mdomo umekwenda upande, anasema, "Mwanangu, nisamehe." Bi Veridiana akamwambia si kitu. Lakini aliposhuka, ghorofa ya tatu ilimshinda. Alishika ukuta akatapika chakula chote cha mchana.

Tangu siku ile magoti yakaanza kumuuma.

Magoti yalikuwa na maumivu ya kweli, hilo tusimsingizie. Ila magoti hayo hayo ndiyo yaliyokwenda Kendwa na wanakwaya siku ya matembezi yao, yakatembea mchangani kutoka asubuhi mpaka alasiri, yakacheza na mchakamchaka.

Njia akaipata sokoni. Bi Mize, mwenye mlango unaotazamana na wa Bi Febronia kule Michenzani, alikuwa na meza yake ya mchicha, bamia na ndimu katika soko la Mwanakwerekwe. Kila Jumamosi asubuhi Bi Veridiana alimpitia na mfuko.

"Bi Mize, shoga yangu, nifikishie kwa mama. Mwambie jioni nitapanda."

"Haya, ntampa. Jioni ya leo, au ile ya wiki iliyopita?"

"Na wewe! Leo nakuja, naapa."

Bi Mize hucheka, akauweka mfuko chini ya meza. Wiki inayofuata humletea jibu: "Kapokea. Anakusalimu." Basi salamu zilikuwa za kweli. Bi Veridiana alijituliza kwa hilo. Machungwa yanafika, salamu zinarudi, kazi si inafanyika? Miezi mitano ikapita hivyo.

Jumamosi moja ya Agosti meza ya Bi Mize ilikuwa tupu. Majirani zake sokoni hawakujua alipo. Bi Veridiana alisimama na mfuko wake, akatazama upande wa mjini, akafikiri zile ngazi. Akarudi nyumbani. Mfuko akautundika msumarini jikoni, akajiambia atampa Bi Mize kesho kutwa.

Kesho yake zamu ya jumuiya ilikuwa kwake. Watu wakajaa ukumbini, wengine juu ya mkeka. Wakasali, wakaimba. Katekista akakunja miwani.

"Na mgonjwa wetu? Jana ulimwonaje?"

"Jana nimemwacha vyema," alisema Bi Veridiana. "Kanywa uji kikombe kizima. Anawasalimu nyote."

"Tunazipokea."

Hawajamaliza kupokea, ikasikika hodi mlangoni. Alikuwa Bi Mize, kavaa buibui, macho mekundu. Akavua viatu, akasimama pale pale kizingitini.

"Samahanini, nyinyi watu mko katika ibada. Nimekuja kukupeni habari. Mwenzenu, Bi Febronia, katutoka. Jana, adhana ya magharibi ikiadhiniwa."

Mwanamke mmoja alipiga ukelele. Kisha macho yote, moja baada ya jingine, yakamgeukia Bi Veridiana.

"Jana?" aliuliza katekista. "Si umetwambia jana ulimwacha vyema? Kanywa uji?"

Bi Veridiana alimtazama Bi Mize. Bi Mize naye alimtazama, kwa kitambo ambacho Bi Veridiana hakukisahau tena, kisha akasema:

"Naam, alikuja. Alikuja mapema akaondoka. Hali ilibadilika baadaye."

Watu wakashusha pumzi. Wakaanza kumpa pole Bi Veridiana, maana ndiye mfiwa. "Angalau ulimwahi." "Umemtumikia mpaka siku ya mwisho, dada." "Mungu atakulipa." Yeye aliitikia kila mmoja, macho yake kwenye mkeka.

Bi Mize akaomba maji ya kunywa. Bi Veridiana akampeleka jikoni. Pale msumarini mfuko ulikuwa unaning'inia, machungwa yanaonekana, sabuni mbili, na sukari iliyofungwa katika karatasi. Bi Mize aliutazama, akanywa maji yake yote, akaweka gilasi taratibu.

"Jana sikwenda sokoni kwa sababu yake," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu alfajiri alikuwa hoi. Alasiri akanambia, Mize, niwekee kiti, mgeni wangu anakuja. Nikamwekea. Kila Jumamosi nikimwekea, Bi Veridiana. Kile changu cha plastiki, chekundu, nakiweka kikabili mlango, na yeye anataka avalishwe kanga safi. Maana wewe umesema utapanda jioni, na mimi nimefikisha kama ulivyosema."

"Bi Mize..."

"Bora ungesema huji. Mtu akijua haji mtu, hulala. Yeye halali, anasikiliza ngazi."

Bi Veridiana alijifunika uso na ncha ya kanga. "Umeniokoa mbele yao. Kwa nini?"

"Nimekustiri. Dini yangu imenifunza hivyo, aibu ya mtu usiitangaze. Na yule marehemu asingependa. Siku zote akisema, mwanangu ana kazi nyingi za kanisa." Akavaa vizuri buibui lake. "Lakini nimekustiri kwa watu wako tu, mama. Huko kwengine utaulizwa wewe, na mimi sitakuwepo mlangoni."

Akatoka.

Walimzika Jumatatu. Padri alisema jumuiya hii iwe mfano kwa parokia, kwa kuwa imemtazama mgonjwa wake bila kuchoka. Bi Veridiana alikuwa mstari wa mbele. Alitazama sanduku, akawaza gauni jeupe na vifungo vyake sita. Mikono iliyovifunga vile vifungo, yeye alikuwa ameiosha mara moja tu, kwa pumzi iliyobanwa.

Wiki nzima hakulala. Alikuwa anajua kusoma kidogo, na katika masomo yote ya misa aliyoyajua hakukuwa na mahali ambapo mtumishi aliulizwa kama machungwa yalifika. Akakata shauri. Jumapili atasimama aseme neno moja tu: sikwenda. Halafu na iwe itakavyokuwa.

Jumapili ikafika. Wakishasali, katekista akakunja miwani, akasema kuna mgonjwa mpya, mzee wa Kikwajuni, na jumuiya haina wa kumtuma ila yule aliyekwisha kuonyesha uaminifu. Watu wakaitikia kwa furaha.

Bi Veridiana akainuka. Hakuweka kanga sawa.

"Nna neno," alisema. Wakanyamaza. "Kuhusu Bi Febronia. Mimi... mimi siku zile..."

Alitazama nyuso zao. Nyuso kumi na zaidi, zote zinampenda, zote zinamngoja. Neno lilikuwa pale pale mdomoni, lina silabi tatu tu.

"Mimi sikumtumikia kama ilivyonipasa," alisema.

Kisha katekista Makungu akatikisa kichwa, macho yamejaa machozi.

"Mnaona, ndugu zangu? Mtumishi wa kweli haridhiki na kazi yake. Mpigieni makofi."

Wakapiga makofi. Wakapiga kwa nguvu, mpaka jirani akachungulia dirishani. Mtu mmoja alimsogezea kiti akae, na kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, chekundu, kama vilivyojaa tele madukani.

Bi Veridiana alikitazama kile kiti. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wanamngoja, akakaa.