Maji Yakipanda Hakuna Langu

Tangu alfajiri Mashavu alikuwa juu ya dungu katikati ya mpunga, teo mkononi, koo limemkauka kwa kupiga kelele. Ndege hawakuwa na haya mwaka huo. Ukiwafukuza upande wa mto wanahamia upande wa msitu, ukigeukia msitu wanarudi mtoni, na kila wanapotua mashuke yanainama. Mpunga ulikuwa umeanza kupiga manjano. Siku kumi zaidi, au nane kama jua halitaleta inadi, angeanza kukata.

Siku nane hizo alizihesabu roho juu, maana mto ulikuwa umebadilika rangi. Juzi asubuhi wanawake wa Kulesa walipoteremka kuchota maji waliyakuta mekundu, yamebeba povu na vijiti vya kutoka bara, wakajua maji ya vuli yameanza kupanda. Tangu hiyo juzi hakuna mtu kijijini aliyetamka langu wala changu.

Huo ulikuwa ustaarabu wao wa tangu na tangu. Mto ndio ulioleta udongo ule mweusi na mto ndio uliojua kuuchukua, na maji yakiwa yanapanda mtu hajisifii mali mbele ya mwenyewe. Ukiulizwa shamba hili la nani, unajibu la mto. Mtumbwi wa nani, wa mto. Wanaume walikuwa wakitaniana kwamba wakati wa maji hakuna mwenye mke, na wake zao wakawajibu kwamba basi wakapikiwe na mto. Maji yakisharudi kitandani kwake, kila mmoja hushuka kwenye ukanda wake bila kuuliza njia, na ole wake atakayepitisha jembe nusu hatua kwa jirani. Mipaka ile ilijulikana hata na watoto. Ila tu haikutajwa mbele ya maji mekundu.

Ukanda wa Mashavu ulianza ukingoni ukaenda hadi msituni, mwembamba, hatua arobaini kwa upana. Mama mkwe wake ndiye aliyemtembeza humo siku ya tatu ya ndoa yake, akamwonyesha pale kiboko alipolala mwaka wa njaa, na pale udongo unapotitia mguu hadi ugokoni, na pale penye kivuli cha mkuyu ambapo baba mkwe alipenda kupumzika kabla homa haijamwondoa. Mashavu alilipenda shamba lile kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na hakuona aibu kulikiri moyoni. Akiwa mgonjwa alitaka aletewe harufu ya tope lake.

Jua lilipofika usawa wa miti alisikia mgongano wa nyundo na mti. Ndege wote wakaruka kwa mkupuo, naye kwa muda mfupi akafurahi. Kisha akawaona askari wawili ndani ya mpunga, mmoja anavuta kamba, mwenzake anapigilia kigingi. Nyuma yao mashuke yalikuwa yamelala chini katika mstari ulionyooka kutoka mtoni.

Aliteremka dungu karibu aanguke. Alipowafikia akawauliza wana wazimu gani wa kukanyaga chakula. Yule mwenye nyundo hakuwa mtu wa pande zile, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Mama toka. Hapa mstari," akasema, akaonyesha mtoni kwa kidevu.

Mtoni palikuwa na mashua kubwa imefungwa kwenye mti. Ndani yake alikaa Mzungu chini ya turubai, karatasi magotini, akijipepea. Ukingoni kwenye tope palitandikwa mkeka, na juu ya mkeka alikaa Abdulsalam, karani wa serikali, mtu wa Lamu, kanzu kaikunja hadi magotini isichafuke. Mashavu alimtambua. Alikuwa amepita wakati wa masika na daftari lake, na wanawake walimsifu kwa adabu yake.

Watu wa Kulesa walikuwa wamekwisha kusanyika. Mbele yao alisimama Hiribae, mkuu wa kijiji, kaka wa marehemu mume wa Mashavu. Karani alieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari za msiba wa mbali. Nchi yote kuanzia kijijini hadi kwenye kona ya chini ya mto alikuwa amepewa bwana huyu wa mashuani, apande pamba, kwa miaka tisini na tisa. Hiribae akauliza hiyo ni umri wa nani. Karani akasema si umri wa mtu. Atakayetaka kazi ya pamba atapewa. Mpunga ulio ndani ya vigingi, wenyewe wana siku tatu wakate.

"Siku tatu haujaiva," Mashavu akasema. "Na huyu bwana, nchi amepewa na nani?"

"Na serikali, mama."

"Na serikali imepewa na nani?"

Karani alimtazama. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtisha Mashavu baadaye alipolifikiria. Alifungua daftari, akalaza kidole juu ya mstari, akasema, "Na nyinyi."

Akawasomea. Nyumba thelathini na mbili zimeulizwa, moja baada ya moja. Wa kwanza, mwanamke mjane, aitwa Mashavu. Kaulizwa nchi hii ni ya nani, kajibu si yake, ni ya mto. Wa pili kajibu ni ya mto. Wa tatu hali kadhalika. Wa thelathini na mbili, mkuu wa kijiji, Hiribae, kajibu ni ya mto, na kaongeza kwamba tangu babu zake haijawahi kuwa ya mtu. Kwa hiyo imeandikwa kuwa ni nchi isiyo na mwenyewe, na isiyo na mwenyewe ni ya serikali.

Mashavu alikuwa anaikumbuka siku ile vizuri mno. Maji ya masika yalikuwa yamemfika magotini, naye alikuwa akipandisha kuku juu ya paa, wakati mashua ilipomjia hadi mlangoni. Serikali ilikuja wakati wa maji kwa kuwa mashua zake zilipita vizuri wakati wa maji. Karani alisimama humo humo mashuani akamwuliza kwa lafudhi yake ya Lamu, "Mama, nti hii ya nani?" Naye akacheka. Alidhani mgeni amefunzwa mila na anamjaribu. Akajibu, "Ya mto, ya nani tena?" Akamwona anaandika, akamwona anamshukuru, na alipoondoka akampa mayai mawili ya njiani.

Alimpa na mayai.

Basi akaeleza. Alieleza kwa haraka, maneno yakikanyagana, na wengine wakadakia kila alipokwama. Kwamba lile ni neno la adabu. Kwamba shamba ni la mto kama vile nyumba unavyomwambia mgeni ni yake, na mgeni hatoi watoto wako nje. Kwamba kama angeuliza mwezi mmoja baadaye, kila mtu angemwonyesha mpaka wake kwa hatua. Karani alisikiliza hadi mwisho akakuna ndevu.

"Wallahi hata mimi nilishangaa," akasema. "Kila mmoja nilimuuliza mara mbili. Lakini daftari limekwenda, limepigwa muhuri, limerudi."

Kisha, huenda kwa kuona haya, au ili asionekane hakuwapa nafasi, alichovya kalamu akainua uso. Akasema basi anawauliza upya, hapa hapa, mbele ya bwana, na watakayojibu atayaandika chini ya yale ya kwanza. Akauliza: nchi hii ni ya nani?

Hakuna aliyejibu. Watu sitini na ushei walikuwa wamesimama ukingoni, na nyuma ya karani, hatua tano tu, mto ulikuwa unapita mwekundu, umejaa, unalamba mizizi. Mashavu aliwaona majirani zake wakiyatazama maji. Walikuwa watu wasioogopa mamba. Hiribae akasema kwa unyenyekevu, "Bwana Karani, utungoje maji yashuke. Mwezi mmoja tu, tutakujibu."

"Serikali haingoji maji, mzee."

Wino ulikuwa unakauka kwenye ncha ya kalamu. Mashavu akasikia sauti ikisema, "Langu," na akashtuka kugundua kuwa ni yake. Basi akalirudia, maana lilikwisha kutoka. "Shamba lile lililokanyagwa. Langu. Nimeachiwa na mume wangu, naye kaachiwa na mama yake."

Mama mmoja aliyekuwa karibu naye alimvuta mtoto wake upande wa pili. Nafasi ikafunguka pande zote za Mashavu. Macho hakuyatoa kwa karani.

Karani hakuandika mara moja. "Masika ulisema la mto. Leo wasema lako. Sasa mimi nimuandikie bwana kwamba mto umekupa lini?"

Askari wakacheka. Mzungu mashuani akauliza jambo kwa lugha yake, karani akamjibu kwa maneno machache, na yule bwana akatikisa kichwa akaendelea kujipepea. Kalamu ikaandika mstari mmoja mfupi.

"Umeandika nini?" Mashavu akauliza.

"Nimeandika kuwa mwanamke mmoja amebadili maneno yake. Wengine wamenyamaza."

Alilifunga daftari, akalifuta tope kwa pindo la kanzu, akaingia mashuani.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Serikali haikulisikia neno la Mashavu, lakini Kulesa ililisikia. Hiribae alimfuata njiani, uso umemparama, sauti kaishusha kana kwamba maji yanasikiliza.

"Umelitamka na maji yanapanda, shemeji. Kesho ukingo ukimeguka na nyumba za watu, tutakwenda kumwambia nani?"

"Nyumba zimekwisha kwenda, shemeji," Mashavu akajibu. "Hukusikia? Zimekwenda tangu masika. Tulizitoa wenyewe, tukicheka."

Mzee akashika njia ya kwake.

Mashavu alihitaji mikono. Siku tatu kwa ukanda mzima ni kazi ya watu kumi. Alizunguka kwa wanawake aliozoea kukata nao, nyumba kwa nyumba, na kila mmoja alikuwa na kazi ghafla: huyu ana mgonjwa, yule ana kuni hajakata. Mwanaarusi, ambaye waliteka maji pamoja tangu walipokuwa wari, alizungumza naye kwa kusimama mlangoni bila kumkaribisha. Alisema si kwamba hataki. Alisema tu hawezi kwenda naye shambani siku hizi. Mashavu alikuwa hajawahi kukaa nje ya mlango wa mtu Kulesa, na alisimama pale kama mgeni asiyejua avue viatu au aondoke.

Akaenda peke yake. Alikata mashuke yaliyokuwa na rangi akaacha mabichi, kisha akaona ujinga wake, akarudi akakata na mabichi. Punje zilipopasuka chini ya kidole zilitoa maziwa. Alilia kwa hasira hadi kamasi, hakuna aliyemwona isipokuwa ndege, ambao sasa walikula watakavyo.

Alasiri aliporudi na mzigo wa kwanza kichwani, nyundo zilikuwa zimemtangulia kijijini. Mstari wa Mzungu ulikuwa umenyooka, na mstari ulionyooka haujui kukwepa. Ulikuwa umepita kwenye zizi la mbuzi la Wario, ukapita kati ya jiko na nyumba ya Mwanaarusi, na sasa ulikuwa umefika uani kwa Hiribae. Watu walikuwa wamejikusanya kimya. Yule askari mwenye nyundo alisimama mbele ya mlango akifuta jasho.

"Nyumba hii ya nani?" akauliza.

Hiribae alikuwa ameketi kizingitini. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekisemea kijiji kile, kwa Waarabu wa Witu, kwa wafugaji waliokuja kunywesha ng'ombe, kwa kila mgeni. Akatazama mtoni. Kutoka pale uani maji yalionekana kati ya migomba, yamepanda tangu asubuhi. Kisha akamtazama Mashavu na mzigo wake wa mpunga mbichi, na Mashavu akaona kidevu cha mzee kinacheza.

"Yangu," akasema.

"Nini? Sema."

"Yangu." Mara hii alisimama kulisema, ameupa mto mgongo, na sauti ikasikika hadi nyumba ya mwisho. Mwanaarusi alijifunika mdomo kwa leso. Mtu nyuma yake akasema yangu pia, chini chini, kama anayejaribu dawa kwa ncha ya ulimi, na mwingine akafuata. Mashavu alishusha mzigo.

Askari aliwatazama wote bila kuelewa kelele ni za nini.

"Basi toa kinu chako," akamwambia mzee. "Kiko kwenye mstari."

Kumbe hilo tu ndilo alilokuwa analiuliza. Alitaka kujua ni nani wa kukisogeza. Hiribae alibaki ameduwaa, neno zito kuliko yote aliyowahi kuyatamka likiwa bado hewani, na hakuna wa kulipokea. Halafu akakiendea kinu. Hakukisogeza. Alikaa juu yake, mikono magotini, na Mashavu akaenda akasimama karibu naye, na askari akasimama na nyundo yake akiwangoja watoke.