Kifo Nje ya Picha

Katika chumba cha waandishi wa tamthilia ya *Nyota Zisizotii* kulikuwa na sheria moja iliyozipita zote, na aliyeitunga ni Shangazi: asiyeonekana maiti hajafa. Mhusika anaweza kupigwa kombora, chombo chake kikasambaratika vipande vipande angani, moto ukatanda skrini nzima. Maadamu kamera haikumwonyesha amelala na mtu akamfunika, huyo yu hai, na ipo siku atarudi. Kwa sheria hiyo kijana mmoja muasi, Rubani, alikuwa amekufa na kurudi mara nyingi hata watu mitaani wakambandika jina la Roho ya Paka.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kazini. Jina alilipata kwa sababu aligomba kama shangazi na kusamehe kama shangazi. Tamthilia yenyewe ilihusu kundi dogo la waasi waliokuwa wakiruka kutoka sayari hadi sayari katika chombo kikuukuu, wakipambana na Dola iliyojimilikisha nyota zote. Chombo chenyewe, ukikikuta studio, ungecheka: mbao zilizopakwa rangi ya fedha, na usukani uliong'olewa kwenye lori bovu. Lakini usimulizi, bwana, huo haukuwa wa mbao. Shangazi alijua kukata onyesho pale pale pumzi inapokukwama, akakuhamishia sayari nyingine kutazama watu wanakunywa chai, nawe huku roho juu. Alijua kurudi nyuma, mwanga ukageuka buluu, ukamwona muasi yule mkali akiwa mtoto anakataa kuoga. Na kile chombo alikipa sauti ya bibi kizee, sauti iliyosimulia vita vyote kana kwamba vimekwisha zamani, hata ukajipa moyo kuwa kuna aliyesalimika.

Aliyekuwa hampi heshima zake kwa kazi hiyo ni mwanawe wa mwisho, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba. Dada zake walikwisha kuolewa, nyumba ikabaki yake na wazee wake. Kila kipindi kikianza alikuwa anakaa sakafuni mbele ya televisheni, anaanza kumchokoza mama yake. Waasi wako hawafi, Mama, humwambia. Wa kweli wanakufa. Naye mama yake humjibu kwamba wa kweli shida yao hawana mwandishi mzuri. Wakacheka wote, na baba mtu akacheka kule kwenye cherehani yake bila kujua wanacheka nini.

Halafu vijana wa mji wakaingia barabarani. Walidai vile ambavyo vijana hudai, kazi na kusikilizwa, na walioombwa wasikilize wakaleta bunduki. Kitinda alikuwemo. Shangazi alikuwa kazini akiwatazama kwenye taarifa ya habari, na akasikia umati ule unaimba maneno aliyoyaandika yeye mwenyewe kumpa Rubani: Dola haina vidole vya kutuhesabu sote. Alijivuna. Jamani, mama wa watu alijivuna, akawaita wenzake waje wasikie. Dakika chache baadaye umati ukatawanyika, picha ikayumba, mtangazaji akarudi kuzungumzia mambo mengine.

Kitinda hakurudi. Walimtafuta vituo vya polisi, walimtafuta hospitali, waliuliza kwa rafiki zake mmoja mmoja. Kisha ikaja simu ya chumba cha maiti. Yupo kijana hana kitambulisho, walisema, anafanana na mlivyoeleza, njooni mmtazame.

Mume wa Shangazi, fundi cherehani, alikuwa mtu mpole, wa kuiomba radhi hata sindano akiivunja. Alivaa viatu vyake. Shangazi akamzibia mlango.

"Nenda," alimwambia. "Lakini ukirudi usiniambie lolote. Akiwa ndiye, usiniambie. Akiwa siye, usiniambie. Niahidi, Baba Kitinda."

Tafuta dunia nzima, hutampata mama mwingine wa kukosea namna ile. Mama mwingine angetoka mbio mumewe hajafunga hata kamba za viatu. Mwingine angezimia, mwingine angeng'ang'ana na Mungu. Shangazi alifanya alichokizoea kazini: alikata onyesho kabla maiti haijaonekana. Na yule fundi, kwa huruma zake zisizo na mpaka, akaahidi.

Alirudi kesho yake jioni, viatu vimejaa udongo. Alinawa mikono kwa muda mrefu, akakaa, akala alichoandaliwa, akanyamaza. Shangazi akajiambia kwamba baba aliyemzika mwanawe asingeweza kula. Juma lile mabinti zake wote wawili walikuja nyumbani bila kualikwa, wakawa wanakata vitunguu jikoni na kufuta machozi, na vitunguu vyenyewe vilikwisha zamani. Mama yao hakuwauliza. Akipita mtaani sauti zilishuka. Muuza duka aliyekuwa na maneno kama cherehani akawa anamhudumia kimyakimya. Mtaa mzima ulishika siri moja, na siri ilikuwa ya mwanawe mwenyewe.

Ukiniuliza kama alijua, nitakujibu hivi: mtu hafumbi macho ila kwa sababu ameshaona kilicho mbele yake. Alijua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine, na katikati ya hivyo viwili ndipo alipojenga kibanda chake akakaa. Alifua mashuka ya Kitinda yakiwa safi, akayatandika, akayafua tena. Kazini aliandika kama mtu anayefukuzwa. Msimu ule Rubani alinusurika hata pale ambapo haikuwezekana, na barua za watazamaji zikaanza kuja na kejeli.

Ndipo Meneja wa vipindi alipomwita. Kijana anayeigiza Rubani, alisema, amepata kazi nje na anaondoka moja kwa moja. Kwa hiyo Rubani afe, na safari hii afe kweli, kamera imwonyeshe, wenzake wamfunike.

Shangazi alipigana. Alileta ujanja wote wa ghala lake. Rubani ametekwa na Dola, hatumwoni lakini yupo. Rubani amegandishwa kwenye barafu. Rubani ameacha ujumbe wa sauti, na kila msimu tunasikia kipande. Rubani ana pacha. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alimheshimu, kisha akamwambia neno ambalo nadhani alikuwa nalo moyoni siku nyingi.

"Shangazi, watazamaji hawamlilii mtu yeyote tena. Kila anayekufa wanasema atarudi. Umewanyima hata kulia."

Basi akakaa kuandika. Akaandika chombo kinaanguka, akajikuta ameweka moshi mzito, na ndani ya moshi kivuli kinachotembea. Akafuta. Akaandika Rubani amelala chini, akajikuta ameandika kidole kinacheza. Akafuta. Kila alipofika kwenye uso, kamera yake iligeuka yenyewe ikatazama ukuta. Mwandishi mdogo kuliko wote mle chumbani, msichana waliyemwita Binti Haraka kwa kasi yake ya kuchapa, akamsogelea akamwambia kwa upole aandike tu kinachoonekana, hivyo hivyo, bila mapambo.

"Sijui kinachoonekana!" Shangazi alimfokea. "Mimi nitajuaje kinachoonekana?"

Binti Haraka aliinamisha kichwa. Alikuwepo mazikoni, kama walivyokuwepo wenzake wote mle ndani, na kesho yake walikuja kazini wakamwamkia Shangazi kama kawaida kwa sababu mumewe aliwaomba hivyo.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Shangazi alichukua mkoba wake akatoka, jua likiwa bado kali, akaenda moja kwa moja nyumbani. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana ya mumewe. Fundi alikuwa anashona sare za shule, rundo la mashati meupe limemfika kiunoni. Shangazi akakalia kigoda cha wateja. Akamwambia kwamba amekwama kazini. Fundi akashangaa kidogo, maana mambo ya tamthilia hakuwa anaulizwa hata siku moja.

"Kuna kijana," Shangazi alisema. "Ni wa kwenye tamthilia. Baba yake ameitwa kwenda kumtambua. Sasa sijui niandike nini. Huyo baba, akiingia mle ndani, anaona nini kwanza?"

Mguu wa fundi ukasimama juu ya kanyagio. Alimtazama mkewe, akatazama shati lililokuwa chini ya sindano, akamtazama tena, kama mtu aliyekabidhiwa kitambaa cha thamani na anaogopa kukikata. Alitaka kuwa na hakika kwamba ameulizwa.

"Kola," alisema mwishowe. "Anaona kola kwanza. Ilikuwa imelika, huyo baba akaigeuza mwenyewe. Uzi mweupe ulimwishia, akamalizia na wa kijivu. Anauona ule uzi wa kijivu, anajua kabla hajamtazama usoni."

Shangazi akauliza kuhusu uso. Fundi akamwambia kwamba huyo baba aliuogopa sana, lakini walipomfunulia aliukuta mzima, hauna hata mkwaruzo, kama wa mtoto aliyeamshwa kwenda shule akajifanya bado amelala. Risasi ilimwingilia mgongoni. Wenzake walieleza kwamba alikuwa ameshageuka, anarudi nyumbani.

"Aliumia sana?"

"Daktari alimwambia huyo baba kwamba hapana. Baba akakata shauri kumwamini."

Shangazi alikuwa amekunja mikono mapajani. Hakuandika kitu. Akauliza ni nani aliyemvalisha, na mumewe akajibu kwamba baba yake aliazima cherehani ya fundi mwenzake akamshonea shati. Hakuhitaji kumpima. Vipimo vyake alikuwa navyo kichwani tangu mtoto anasimama dede, na kila mwaka alikuwa anaviongeza.

Hapo ndipo angeweza kunyamaza. Alikuwa na onyesho lake tayari, na mumewe alikuwa amelibeba kwa niaba ya yule baba wa kwenye tamthilia, na wote wawili wangeweza kuinuka na kurudi kwenye kazi zao. Lakini mama ni mama. Akauliza swali alilolikimbia siku zote zile, akalisema kwa sauti ndogo sana.

"Na mama yake?"

Fundi alifungua mdomo kusema habari za mama fulani wa kwenye sayari fulani, akashindwa. Ahadi aliyoibeba peke yake ikamtoka mikononi.

"Tulikungoja, Mama Kitinda," alisema. "Kaburi lilikuwa tayari, watu wamesimama. Nikawaambia mama yake yuko njiani, tumngoje kidogo. Nilijua hutakuja. Lakini ningesemaje hivyo mbele ya mtoto? Tukangoja. Hakuna aliyenung'unika. Tukangoja mpaka jua likashuka, ndipo kaka yako akanishika mkono."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kama hujazaa usijifanye unajua sauti aliyoitoa Shangazi. Haikuwa ya kuandikwa. Aliteremka kutoka kwenye kigoda akaangukia lile rundo la mashati, akamwita mwanawe kwa jina lake lote, jina alilompa siku anazaliwa, akamwomba radhi kwamba alimwacha angoje mbele za watu. Akamwomba radhi mumewe pia, kwamba alimfanya amlilie mtoto peke yake huku anakula chakula chake. Fundi akaiacha cherehani, akakaa chini sakafuni, akampakata kichwa. Yeye naye akalia, kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba yake.

Jirani wa mkono wa kulia alifika miguu mitupu, mikono bado ina povu la sabuni. Muuza duka aliacha duka wazi. Wakaja wanawake wa mtaa wa nyuma, wakaja na wanaume wakabaki kusimama barazani, vichwa chini. Walioweza kuingia waliingia, wakayasogeza mashati pembeni, wakaketi sakafuni kumzunguka, wakaanza kulia pamoja naye. Hakuna aliyeuliza kumetokea nini.