Mlisha Mbu

Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya kizimba hadi kwenye kiwiko, na mbu walikuwa wameutulia kama vumbi, pale alipowaona wenzake wakigombea viti vya dirishani kwenye basi.

Kioo cha chumba cha mbu kilitazamana na uwanja. Basi lilikuwa linaunguruma, moshi wake ukichezewa na upepo ambao tangu asubuhi ulikuwa haujaamua uvume kutoka wapi. Karani wa mapokezi alipanda na mto wake wa kulalia. Mhasibu alipanda na mke, watoto na mashemeji. Watu wa maabara walipokezana maboksi yaliyoviringishwa nailoni huku wakitaniana nani atakoroma na nani atalala kwa nani, kama watu waendao harusini. Kimbunga kilikuwa kinatarajiwa kabla ya jioni. Madirisha yote ya taasisi yalikuwa yamepigiliwa mbao, isipokuwa hilo moja. Yeye ndiye aliyeomba liachwe, apate kuitazama hali ya hewa. Ukweli ni kwamba alitaka kutazama watu.

Mkono hakuweza kuutoa. Mbu akikatizwa kunywa hatagi vizuri, na mbu hawa walikuwa kizazi cha thamani, vitukuu wa vitukuu wa mbu waliokamatwa bondeni, ambao kila dawa mpya ilijaribiwa kwao kwanza. Walikuwa wamezoea damu ya mtu, na mtu huyo ni yeye. Ndiyo maana taasisi nzima ilimwita Mama Mbu. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Umama aliupata kwa wadudu. Mezani wakati wa chakula cha mchana kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu, maana vipele vilivyojaa kutoka kiganjani hadi kiwikoni viliwakata watu hamu. Ukimtoa baba yake, ulikuwa umepita muda mrefu tangu aguswe na kiumbe kisicho na mabawa.

Mkurugenzi alikuja akasimama nje ya mlango wa chandarua. Huwa haingii. Alikuwa amevaa koti jipya la mvua, lebo bado inaning'inia kwapani.

"Mama Mbu, tunakutegemea. Wewe ndiye nguzo ya taasisi."

"Nguzo haipandi basi, Daktari."

Alicheka kicheko cha mtu anayetazama saa. Kisha akamweleza upya yote yaliyosemwa kwenye mkutano wa maandalizi, ule ambao watumishi waligawiwa tochi, fulana na vyumba vya hoteli huko milimani, naye akagawiwa kiti cha mlangoni. Jenereta ina mafuta ya kutosha. Vipasha joto visizimwe hata kwa dakika. Chumba kikipoa, kizazi chote kinakufa na utafiti unarudi ulikoanzia. Mbu hawasafirishiki, kwa hiyo mlishaji wao naye hasafirishiki. Tena yeye ni kibarua, si mwajiriwa, na bima ya safari haimtambui. Hilo la mwisho mkurugenzi alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole kwa msiba wa mbali.

"Na baba?" aliuliza.

Hilo ndilo lililokuwa lake. Baba yake alikuwa bondeni, katika chumba chao cha kupanga, kitandani. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua upande wake wote wa kulia, na maji ya bondeni hayapigi hodi. Tangu redio ilipoanza kutangaza kimbunga alikuwa akimwombea. Aliomba mzee aletwe huku kilimani, kwenye jengo la zege. Akaambiwa bima hairuhusu mgonjwa ndani. Aliomba basi aende yeye akakae naye. Akaambiwa atakuwa ameua kazi ya watu. Mwishowe mkurugenzi mwenyewe aliahidi mbele ya mkutano kwamba basi likishuka litampitia mzee, na atalala hotelini pamoja na watumishi. Watu walipiga makofi. Kwa ahadi hiyo alikubali kubaki.

"Dereva ameshaambiwa," mkurugenzi alisema. "Mzee atalala pazuri kuliko wewe."

"Hawezi kukaa, Daktari. Inabidi alazwe kiti cha nyuma."

"Kiti cha nyuma ni chake. Ufunguo wa lango nitaondoka nao. Ni kwa usalama wako."

Basi lilipotoka aliusikia mnyororo ukizungushwa langoni, na kufuli likiitikia. Akautoa mkono taratibu, akawapuliza mbu waliolewa, akampigia simu fundi seremala, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye ndiye aliyekuwa akimgeuza mzee kitandani kila yeye awapo kazini. Fundi akamwekea mzee simu sikioni.

"Wajukuu zangu wamekula?" baba aliuliza. Maneno yake yalitoka upande mmoja wa mdomo, lakini masihara hayakupooza.

"Wameshiba, baba. Na wewe?"

"Fundi kanipa uji. Nadhani ni gundi yake ya mbao. Nimeshikana vizuri sana."

Alicheka peke yake katika chumba kile chenye joto. Akamwambia basi liko njiani, avalishwe sweta, asiwasumbue watu huko hotelini. Baba akasema, "Haya, mama. Wewe uko na nani huko?" Akajibu kwamba wako wengi.

Aliweka viroba vya mchanga kwenye vizingiti. Alisukuma majokofu mbali na ukuta. Alikagua viluwiluwi kwenye mabeseni yao, akawanyunyizia chakula. Kila alipopita dirishani mbingu ilikuwa imeshuka kidogo, mpaka mchana ukawa na rangi ya jivu. Simu iliita akiwa ameinama kwenye maji. Alikuwa dereva.

"Dada, usiniweke mimi kwenye hesabu ya mzee wako. Nilikata kona ya bondeni. Nikaamriwa nigeuze, eti barabara itatunasa."

"Ilikuwa na maji?"

Nyuma ya dereva watu walikuwa wanaimba.

"Bado," alisema. "Na kiti cha nyuma kimelazwa darubini."

Hakukumbuka kama aliaga. Alimpigia fundi, akapiga tena, na fundi alipopokea tayari alikuwa anapiga kelele kushinda upepo. Maji yalikuwa yamefika mlangoni, watu wanabeba watoto. Yeye atambeba mzee, hilo asiwe na wasiwasi, ila ampeleke wapi? Shule imeezuliwa paa.

"Mlete huku kwetu."

"Huko kwenye uzio?"

"Mlete, fundi. Mimi nipo."

Fundi alianza kusema jambo, na mtandao ukafa katikati ya neno.

Uzio aliousema fundi ulisimamishwa baada ya paneli za jua kuibwa. Ulikuwa wa nyaya tupu zilizokazwa kuanzia magotini hadi juu ya kichwa. Mkono wa mtu ungepita katikati, mwili usingepita. Kila baada ya hatua kadhaa palikuwa na kibao chenye fuvu. Siku ya kuja kuchangia damu ya utafiti, watu wa bondeni waliingizwa kwa lango, wakapewa soda, wakaambiwa na mkurugenzi kwa kipaza sauti kwamba taasisi hii ni yao. Mwezi uleule, kijana mmoja wa huko alikuja kuufuata mpira wake. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima na taa za taasisi zimezimika, akadhani na nyaya zimelala. Hazikuwa zimelala; jenereta ilikuwa imeshauwasha uzio kabla ya taa. Vidole vyake viwili vilikatwa hospitali, na tangu hapo hakuna mama wa bondeni aliyemwacha mwanawe acheze upande wa kilima.

Kimbunga kilifika kama mtu aliyekodi nyumba akakuta wapangaji bado wamo. Mabati ya watu yalipita hewani yakizunguka. Umeme wa mji ukakatika. Jenereta ikakohoa, ikashika, na vyote vikarudi kwa pamoja: vipasha joto, majokofu, taa za nje, uzio. Alichukua nondo akaenda langoni, akalipiga kufuli hadi viganja vikachubuka. Kisanduku cha kuzimia uzio kilikuwa ofisini kwa mkurugenzi, nyuma ya mlango wa chuma. Aliupiga nao. Mlango haukupata hata alama.

Akarudi dirishani, ndipo akawaona.

Walikuwa wanapanda kilima kutoka bondeni, wameinama, wameshikana, wote wamejifunika nailoni na magunia, hakuna mwenye uso. Katikati yao wanne walikuwa wamebeba ubao mpana mabegani. Ulikuwa mlango, bado una bawaba. Juu yake palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa turubai na kufungwa kamba.

Walisimama kwenye vibao vya fuvu. Hawakusogea tena.

Alikwenda chumba cha jenereta akikimbia. Mkono ulipofika kwenye swichi aliwaza mambo mawili tu: kwamba chumba kitapoa kabla ya jioni, na kwamba kesho hatakuwa na kazi. Akazima.

Mngurumo ulipokatika alisikia upepo wote kwa mara ya kwanza. Alitoka nje, akaangushwa, akainuka, akafika uzioni akitambaa.

"Umezimwa!" alipiga kelele. "Hauna umeme! Kateni!"

Kama fundi yumo, koleo lake litakuwa kiunoni. Lakini upepo uliyachukua maneno mdomoni kabla hayajavuka nyaya. Aliwapungia wasogee. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma. Taa zilikuwa zimezimika, naam, waliziona. Na taa kuzimika ndiko kulikomponza yule kijana. Wale wanne waliutua mlango kwenye matope. Turubai lilifunuka upande mmoja, akaona wayo wa mtu, mweupe kwa maji. Hakuweza kujua ni wa nani. Hakuweza kujua kama ulicheza wenyewe au ulichezeshwa na upepo.

"Baba!"

Hakuna aliyegeuka. Basi akaushika waya kwa mikono miwili. Akaukamata kwa nguvu zake zote, akautikisa, mvua ikimchapa usoni, awaonyeshe kwamba umekufa.

Wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja. Mwanamume mmoja alivua gunia kichwani, kama wafanyavyo watu mbele ya maiti, na wote wakasimama wakimtazama akitikisika, wakingoja aanguke.