Maganda ya Beu

Mimi Marie-Jeanne hasira zangu ziko karibu, mtaa mzima wa Beu unajua. Mwishoni mwa mwaka 2002 hasira hizo zote zilimngoja mtu mmoja: aliyekuwa akituibia takataka.

Cheka tu. Takataka zile zilikuwa shamba. Mashamba yetu ya upande wa msitu hayakufikika tena kwa sababu ya vita, na padri alikuwa ametuazima sisi akina mama kumi na wawili kiwanja nyuma ya kanisa. Udongo wake ulikuwa mgumu, umechoka. Sharti lilikuwa moja: hadi Pasaka kiwe na mboga, la sivyo anawapa watu wa kufyatua matofali. Mbolea ya dukani hatukuiweza. Basi tukapatana kwamba hakuna kutupa ganda jalalani tena. Maganda ya makemba, ndizi zetu za kupika, na ya muhogo, majivu, majani ya maharage, kila nyumba ilete ndoo yake asubuhi, tuyarundike yaoze. Jalala la soko likapungua, nzi wakapungua, na mimi mwenye watoto watano nikaanza kuota kabeji.

Lakini lundo halikupanda. Leo tunamwaga ndoo kumi na mbili, kesho unaona kama sita. Nikasema ni mbuzi wa jirani yetu Lusenge. Nikamtukana bure, maskini. Siku moja baada ya misa ya asubuhi nikajibanza nyuma ya ukuta wa kanisa na fimbo yangu.

Alikuja mwanamke mwembamba na beseni. Hakuzoa ovyo. Aligeuza kila ganda, akakwangua kwa kisu chakula kidogo kilichobaki ndani, akakitia katika beseni; majani ya maharage aliyachukua yote. Nikamtambua. Alikuwa Agar, mmoja wa wale waliokimbia vita vya Mambasa kwa miguu, wakawa wanalala na watoto wao katika darasa la shule. Niliona aibu, nikaiacha fimbo palepale ukutani.

Nikawaeleza wenzangu. Kuwapa chakula hadharani? Tulisema tutawaaibisha. Tazama akili zetu! Kwetu mwanamke hupimwa kwa wembamba wa ganda analomenya. Mama mkwe wangu, Kahongya, alinikubali siku alipoinua ganda la kiazi nililomenya akaona mwanga upande wa pili. Ni huyohuyo Kahongya aliyetangulia kushika kisu, akamenya kemba, na nusu ya chakula ikaenda na ganda.

"Mukate hivi," alisema. "Bataokota bo benyewe. Hapana mutu atasema tulibapa."

Tulimenya hivyo wiki nzima, tukajiona watakatifu. Jumamosi, mchana peupe, Agar akaingia uani kwangu na kuniwekea ganda moja nene mkononi.

"Mama Marie-Jeanne, hii haiko ganda. Hii ni chakula."

"Ni mutoto alimenya mubaya," nikadanganya.

"Manyumba kumi na mbili, batoto bote banamenya mubaya?" Hakupandisha sauti. "Mbele tulikuwa tunaokota kwa sababu mulitupa. Sasa munatupa ili tuokote. Lakini mama, ile hapana. Kama ni chakula, mutie mu sahani. Na sisi tuko na mikono. Mutuonyeshe fasi ya kulima."

Nilitaka kukasirika, kama kawaida yangu, nikakosa wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe. Kahongya, aliyekuwa jikoni akisikia yote, alitoka na sahani iliyojaa, akavuta kiti, akamwambia Agar aketi.

Jumatatu walikuja wanawake tisa wa kule darasani, Agar akiwa mbele, na majembe ya kuazima. Ilipofika Pasaka kabeji nyingi zilikuwa bado ndogo. Padri alizitazama, akatutazama sisi ishirini na mmoja tuliosimama kati ya matuta, akaondoka bila kutaja matofali.

Kabeji ya kwanza aliikata Agar. Aliipika kule darasani kwao, akatuma watu waje kutuita. Nilienda na njaa yangu yote.