Feni Isiyo na Wavu

Kifungo kingine kiliruka, kikatua kwenye chai ya muuza viatu wa kibanda cha pili.

"We fundi! Nimeagiza chai, sikuagiza nyota!"

Fundi feni alizima mota, akaifunika kwa wavu mwekundu wa feni. Kwenye ekseli alikuwa amefunga nyuzi za cherehani, na kwenye nyuzi vifungo vyeupe vya mashati. Hiyo ndiyo galaksi aliyoagizwa na binti yake, mwalimu wa fizikia. Mchana huo mkuu wa shule angepita kukagua darasa la sayansi. Akilikuta limepooza kama muhula uliopita, analifunga, na mwalimu wake anarudi nyumbani.

Binti aliingia, akasimama ghafla. "Baba, wavu wa nini? Tena mwekundu!"

"Wa kuzuia vifungo. Nyuzi zinakatika huku pembeni. Na feni haitoki kwangu bila wavu, unajua. Kidole cha mtoto kikikatwa nimekiona kwa macho yangu."

"Wanafunzi watasema wavu ndio unaoshika nyota!"

"Kwani zinashikwa na nani?"

Binti alishusha pumzi, vilevile kama marehemu mama yake alivyokuwa akifanya kabla ya ugomvi. "Ndilo swali lenyewe, baba. Nyota za pembeni mwa galaksi zina mbio mno. Ukijumlisha mvuto wa kila kinachoonekana, hautoshi kuzizuia. Zilipaswa kutawanyika kama vifungo vyako, lakini zimetulia. Kwa hiyo ipo maada nyingine, nyingi kuliko hii tunayoiona. Haitoi mwanga, haizuii mwanga. Mvuto wake ndio unaozishika. Tunaiita maada ya giza."

"Mmeiona?"

"Hapana."

"Mmeigusa?"

"Hapana, baba."

"Na mimi niiunde kabla ya saa nane!" Alijifuta jasho kwa tambara la grisi, akazidi kuchafuka. "Nina wateja wakorofi, mwanangu, lakini wewe ndiye mwenyekiti wao."

Hata hivyo aliufungua wavu, skrubu moja moja, akinung'unika kama anang'olewa meno. Akatoa nyuzi za cherehani, akafunga nailoni nyembamba ya kuvulia samaki, ngumu kukatika, ile ambayo ukirudi nyuma hatua mbili huioni tena. Akawasha. Vifungo vikazunguka hewani, na hakuna kilichotoka.

Darasani, meza ikaleta yake. Mguu mmoja ulikuwa umelegea. Mota iliposhika kasi, galaksi nzima ikaanza kuyumba. Na mkuu wa shule huyo, koridoni, anakohoa.

"Baba!" binti alinong'ona.

"Na umri huu, jamani." Fundi aliinua kitambaa cha meza, akaingia chini kwa magoti, akaukumbatia ule mguu.

Meza ikatulia. Mkuu akaingia, akasimama kando kutazama. Juu ya meza zikaja sauti za watoto.

"Mwalimu, zinashikwa na nini?"

"Nyie mnaonaje?"

"Sumaku!"

"Sumaku gani, vifungo vya plastiki hivyo?"

"Basi hakuna kitu."

"Kungekuwa hakuna kitu, zingetuparamia usoni, we naye!"

Kupitia upindo wa kitambaa fundi aliviona viatu vya mkuu, vimeng'arishwa vizuri, vikielekea mlangoni kutoka. Vumbi likampanda puani. Akabana pua begani, akabana na chafya, mikono haikulegea.

Ubishi wa watoto ulipopanda, viatu vilisimama. Kimoja kikageuka taratibu kuelekea meza. Kingine bado kilikuwa kimeelekea nje.