Mlingoti wa Kuanikia Nguo

Kila nyumba ina silaha yake ya ugomvi. Ya Norimasa Suzumura ilikuwa sentensi moja: "Mimi bahari niliiacha kwa ajili yako." Aliitumia miaka thelathini na ushee. Mkewe, Sayoko, akilalamikia sigara, Norimasa anaitoa. Akilalamikia soksi sebuleni, anaitoa. Ilishinda kila mara, na kibaya zaidi, Norimasa mwenyewe alikuwa ameshaiamini.

Mwaka mpya mmoja aliitoa tena, mbele ya dada yake Toshie, sake, ile pombe ya mchele, ikiwa imempanda kidogo. Toshie akashusha pumzi. "Masikini mdogo wangu. Sasa hivi angekuwa bingwa wa kuteleza baharini kwa ubao wa tanga."

Sayoko aliweka vijiti vyake mezani.

"Wifi, uwe shahidi," alisema, kisha akamgeukia mumewe. "Baba Chinatsu, vifaa vyako vyote vipo. Vitengeneze, uende hadi lile boya jekundu, urudi umesimama. Ukiweza, nitakuomba radhi mbele ya wifi. Ukishindwa, kauli hiyo nisiisikie tena mpaka nife."

"Vipo wapi?"

"Unaviona kila siku."

Kweli alikuwa anaviona. Mlingoti ulikuwa uani, umeanikiwa mashuka. Aliuweka yeye mwenyewe na akajisifu kwa majirani. Tanga lilifunika kuni. Ule mkono wa kushikia tanga ulitambaliwa na matango kila kiangazi. Ubao nao ulikuwa juu ya mawe mawili, umejaa vipande vya viazi vitamu vinavyokauka kwa upepo. Bingwa gani huyo, alijiuliza, ambaye vifaa vyake vimefanya kazi kuliko yeye.

Akaanza kutengeneza. Hapo, tuwe wakweli, mkono wake ulikuwa mzuri. Aliziba nyufa za ubao kwa gundi na kitambaa cha nyuzi za kioo, akasugua mpaka ukang'aa. Kidirisha cha tanga kilikuwa kimekauka na kupasukapasuka, akakikata na kuweka plastiki ngumu aliyopewa na mkulima wa stroberi, kipande kilichobaki kwenye banda lake. Alikishona kwa cherehani ya mkewe, ulimi nje.

Sayoko alisimama mlangoni na chai yake. "Kumbe unajua kushona. Sasa suruali zako mbona unaniletea mimi?"

Kazi ilipoisha, Norimasa alisugua ubao upya. Halafu akasema gundi haijakauka. Halafu akasema kiungo cha mpira chini ya mlingoti hakiaminiki, akakibadilisha kikiwa kizima. Mtu wa mji mwingine angesingizia kukosa upepo, lakini hapa Omaezaki, pwani ya Japani, upepo wa baridi unakung'oa kofia kuanzia Desemba mpaka Machi. Alikuwa anaogopa. Akishindwa, atabaki na nini cha kumwambia huyu mwanamke?

Siku ilifika. Suti ya mpira ya kuingilia baharini ilikubali kupanda hadi kitovuni, ikagoma. Sayoko alivuta zipu kwa mikono miwili, goti limekazwa mgongoni kwa mumewe. "Usipumue sana," alimshauri.

Norimasa alipanda ubao, akavuta tanga, akaanguka nyuma. Akapanda, akaanguka mbele. Mara ya tatu tanga likashika upepo na akaenda, jamani, akaenda kweli, kama urefu wa basi la shule, kisha upepo ukamrusha upande wa pili. Alihangaika hivyo mpaka vidole vikafa ganzi. Mlingoti ulihimili. Mishono haikuachia. Hakuna kilichokuwa kibovu isipokuwa yeye. Mawimbi yakamsukuma taratibu hadi ufukweni, mbele ya miguu ya mkewe, ubao unanukia viazi.

Sayoko akamfunika taulo, akammiminia chai.

"Mlingoti haujavunjika," Norimasa alisema, meno yakigongana.

"Nimeona."

"Mama Chinatsu, ile kauli yangu..."

"Hilo boya hukulifikia hata zamani."

Alimwangalia. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nauza viazi pale kwenye ukuta wa ufukweni, umesahau? Wenzako wakishika upepo wanapotea, huwaoni mpaka jioni. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unarudishwa na mawimbi, palepale nilipokaa. Nikasema huyu, nikimtafuta, nitampata."

Norimasa aliinamia kikombe. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona raha ambayo hakuitegemea. "Miaka yote hii umeniacha niseme tu?"

"Ulikuwa unaipenda sana. Ila wifi alipokuita masikini, nikachoka." Akakung'uta mchanga kwenye taulo. "Nitamwambia upepo ulikuwa mkali."

"Usimwambie kitu."

Jioni alipiga simu mwenyewe. "Dada, sikufika. Wala zamani sikuwahi kufika. Bahari sikuiacha mimi. Ilikuwa inanirudisha." Toshie akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi Norimasa aliurudisha mlingoti uani, akaanza kuukaza kwa waya kama ulivyokuwa. Sayoko akatoka na beseni la nguo.

"Waya wa nini? Funga kamba tu, ifunguke upesi," alisema. "Nguo zitakauka kabla ya saa sita. Mchana utauhitaji baharini."